Kulima Nyanya Ndani ya Kitalu Nyumba Msimu wa Kipupwe, Arusha na Moshi

Kati ya Juni na Agosti, joto la usiku mjini Arusha, ulioko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hushuka hadi nyuzi 12 au 13 za Selsiasi, na kwenye miinuko ya Ngaramtoni na Olmotonyi hushuka zaidi ya hapo. Mkulima anapoona hali hiyo, jambo la kwanza linalomjia ni kupandisha mapazia yote ya kitalu nyumba (greenhouse) na kuyafunga mpaka jua lipande, akiamini kwamba anaitunza nyanya isipigwe na baridi. Hata hivyo, nyanya haifi kwa nyuzi 12. Hupunguza kasi ya kukua, basi. Kinachoiangamiza msimu huu ni maji yanayotanda juu ya majani usiku kucha ndani ya nyumba isiyopitisha hewa, kwa maana maji hayo ndiyo yanayolea magonjwa ya bakajani chelewa na ukungu wa kijivu. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hewa na maji, na sehemu ndogo tu inahusu joto.

Hatua ya kwanza: panga tarehe kwa kuhesabu kurudi nyuma

Miche ya nyanya chotara hukaa kwenye trei wiki 4 hadi 5, hutoa maua ya kwanza wiki 4 hadi 5 baada ya kuhamishwa, na tunda huchukua siku 45 hadi 60 kutoka ua hadi kuiva, huku ubaridi wa kipupwe ukiweza kuongeza wiki moja au mbili. Kati ya vipindi hivyo vyote, kinachoogopa baridi zaidi ni kile cha ua kushika tunda, kwa kuwa chavua hudhoofika usiku unaposhuka chini ya nyuzi 13. Tunda lililokwisha kushika huendelea kunenepa polepole hata kukiwa na ubaridi.

Kutokana na hesabu hiyo, sia mbegu katikati ya Februari, hamisha miche mwishoni mwa Machi, na maua ya kwanza yatafunguka kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, wakati ambapo usiku bado una joto la kutosha. Mche utaingia Juni ukiwa na vishada vitatu au vinne vilivyokwisha kushika matunda, na mavuno yataanza mwishoni mwa Juni au Julai, kipindi ambacho mara nyingi mashamba ya wazi yaliyopigwa na masika hayajarudi sokoni kwa wingi. Anayesia Aprili hupeleka maua yake moja kwa moja kwenye wiki zenye baridi na mawingu mengi, kisha hulaumu mbegu.

Kwa Moshi mjini, ulioko chini ya mita 1,000, tarehe hizi zinaweza kusogezwa mbele kwa wiki mbili au tatu bila hasara, kwa sababu usiku wa huko ni wa joto zaidi. Lakini anayelima Kibosho au Marangu asijihesabu kuwa yuko Moshi mjini. Mlimani kuna ubaridi na unyevunyevu mwingi, na afuate tarehe za Arusha.

Hatua ya pili: angalia jua la Juni, si la Desemba

Miongozo mingi ya kilimo cha nyanya wakati wa baridi imeandikwa kwa ajili ya nchi za mbali na ikweta, ambako siku hufupika sana na mkulima hulazimika kuwasha taa na mitambo ya joto. Arusha iko karibu nyuzi 3 na nusu kusini mwa ikweta, hivyo mchana wa Juni hupungua kwa dakika chache tu ukilinganishwa na wa Desemba. Mwanga unaopotea hapa huchukuliwa na mawingu ya asubuhi, na kwa mawingu hakuna la kufanya isipokuwa kuhakikisha kwamba mwanga uliobaki hauzuiliwi na kitu kingine.

Kumbuka pia kwamba mwezi Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mgrevilea au ukuta wa jirani ulioko kaskazini mwa kitalu nyumba, ambao Desemba haukuleta shida yoyote, mwezi Juni utatupa kivuli juu ya paa, na asubuhi kivuli hicho huwa kirefu zaidi. Punguza matawi kabla ya Mei. Osha nailoni ya paa kwa maji na sabuni laini baada ya vumbi la Januari na Februari, kwa kuwa nailoni yenye vumbi hupoteza mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, na kazi yenyewe ni ya nusu siku.

Hatua ya tatu: tengeneza njia ya hewa kabla ya kupanda

Kitalu nyumba kinachofaa kwa nyanda hizi kinahitaji mwanya wa paa usiofungwa kamwe, uliogeuziwa upande ambao upepo unaelekea, pamoja na kuta za pembeni zenye wavu wa kuzuia wadudu na mapazia ya nailoni yanayoweza kukunjwa kuanzia juu kwenda chini. Hewa ya joto iliyobeba mvuke hupanda na kutokea kwenye paa, na hewa kavu zaidi huingia pembeni. Wako wauzaji wanaojenga nyumba zisizo na mwanya wa paa ili kupunguza gharama. Nyumba ya namna hiyo itamtesa mkulima kila kipupwe, na ningemshauri mtu aliyekwisha kuuziwa aichane nailoni ya juu na kuweka mwanya wenye wavu kuliko kuivumilia.

Wavu wenye matundu madogo ya kumzuia inzi mweupe hupunguza pia upepo unaopita, kwa hiyo usipunguze eneo la wavu kwa kuegemeza marobota, magunia ya mbolea au majani ya nyanya kwenye kuta. Acha angalau nusu mita kati ya mstari wa mwisho wa miche na ukuta.

Hatua ya nne: udongo na maji

Januari na Februari, kabla ya miche kuwa tayari, ni wakati mzuri wa kutumia jua la kiangazi kusafisha udongo. Lima, lainisha, mwagilia hadi udongo uloe vizuri, kisha ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, uchimbie kingo zake, na uiache wiki 4 hadi 6. Joto linalojikusanya chini yake hupunguza minyoo fundo, mbegu za magugu na baadhi ya vimelea vya magonjwa. Njia hii haitoshi kumaliza mnyauko bakteria uliokwisha kuota mizizi mahali, na kama ugonjwa huo umewahi kuonekana, ni busara kupanda kwenye mifuko yenye udongo safi. Usipande nyanya mahali palipotoka viazi mviringo, bilinganya, pilipili hoho au nyanya chungu, kwa sababu zote ni za ukoo mmoja na hurithishana magonjwa.

Baada ya kufunua, changanya samadi iliyooza vizuri, takriban ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 2 za mraba, na utengeneze matuta yenye kimo cha sentimita 20 hadi 30. Tuta lililoinuka hutoa maji haraka, jambo lenye maana kubwa kwa miche inayohamishwa masika yakiwa yamepamba moto, na udongo wake hupata joto mapema asubuhi. Nyanya hupenda udongo wenye pH (kipimo cha uchachu) kati ya 6.0 na 6.8.

Kuhusu maji, wakazi wa mitelemko ya Meru wanajua kwamba visima vingi vya upande huu vina floraidi nyingi, na pamoja nayo huja mara nyingi magadi yanayoacha utando mweupe kwenye ndoo. Maji ya aina hiyo hupandisha pH ya udongo na kuziba matundu ya mipira ya matone. Yapeleke maabara kabla ya kununua vifaa, na uangalie kipimo cha chumvi: mavuno ya nyanya huanza kupungua maji ya kumwagilia yanapozidi takriban 1.7 dS/m (desisimensi kwa mita). Suluhisho rahisi liko juu ya kichwa. Nyumba ya mita 8 kwa 15 ina eneo la mita za mraba 120, na mvua ya milimita 10 inayoangukia paa lake huleta lita 1,200. Hata ukipoteza sehemu yake, masika yatajaza matangi yako kabla kipupwe hakijaanza, mradi uwe umefunga mifereji ya paa mapema.

Hatua ya tano: mbegu na miche

Chagua nyanya chotara za aina ndefu, zile zinazoendelea kurefuka na kutoa vishada kwa miezi mingi. Anna F1 imezoeleka katika vitalu nyumba vya Afrika Mashariki, na zipo nyingine. Tanya na Tengeru 97 ni mbegu zilizothibitika kwa mashamba ya wazi, na kuziweka ndani ya nyumba ya gharama kubwa ni kuitumia nyumba chini ya uwezo wake. Soma herufi zilizo kwenye pakiti: V na F huonyesha ukinzani dhidi ya aina mbili za mnyauko fangasi, N minyoo fundo, na ToMV batobato ya nyanya. Nunua pakiti yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu Tanzania, kwa sababu mbegu za kughushi zipo.

Sia mbegu moja kwa kila tundu la trei. Huota baada ya siku 6 hadi 8 kukiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, jambo ambalo Februari halina shida. Miche ikifikia majani halisi 4 hadi 5, punguza maji kwa siku chache ili ikomae, kisha ihamishe jioni. Kila mita ya mraba ya nyumba nzima ibebe miche 2, yaani miche 240 kwa nyumba niliyoitaja. Wapo wanaobananisha miche 3 kwa mita, na wakati wa kiangazi wanaweza kufanikiwa, lakini katika mwanga hafifu wa Julai miche hiyo hugombania mwanga, hurefuka bila nguvu, na hewa haipiti katikati yake.

Funika tuta kwa nailoni nyeusi kabla ya kupanda ukiweza. Huupa udongo joto kidogo na, lililo muhimu zaidi, huzuia maji ya udongo yasiwe mvuke ndani ya nyumba. Majani ya chini yakiwa na rangi ya zambarau upande wa nyuma wakati wa wiki za baridi kali, kwa kawaida ni dalili kwamba mizizi iliyopoa inashindwa kufyonza fosforasi, na rangi hurudi udongo ukipata joto. Usikimbilie kuongeza DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi.

Hatua ya sita: ratiba ya hewa ya kila siku

Hapa ndipo msimu unapofanikiwa au kushindikana. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 20 inaweza kubeba karibu gramu 17 za mvuke, na ikipoa hadi nyuzi 12 haiwezi kubeba hata gramu 11. Nyumba yetu ya mita za mraba 120, yenye kimo cha wastani cha mita 3, ina mita za ujazo 360 za hewa. Ikifungwa jioni ikiwa imejaa mvuke, hewa hiyo peke yake itaachilia zaidi ya lita 2 za maji kabla ya alfajiri, mbali na yale ambayo udongo na majani huendelea kutoa usiku, na maji hayo huangukia kwenye nailoni na kwenye majani. Nailoni moja nyembamba, kwa upande mwingine, haihifadhi joto kiasi cha kuleta tofauti ya maana. Weka kipimajoto ndani na kingine nje, uvisome saa kumi na mbili asubuhi, na utaona kwamba mara nyingi tofauti haifiki nyuzi 2.

Basi fuata mpango ufuatao. Saa moja asubuhi, hata kukiwa na ukungu nje, teremsha mapazia robo au nusu ili mvuke wa usiku uanze kutoka kabla jua halijapasha hewa. Ukingoja hadi saa tatu, hewa itapata joto haraka kuliko matunda na mashina, na mvuke utaganda juu yake kama maji yanavyotokea kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kuanzia saa tatu fungua kabisa, isipokuwa siku ya upepo mkali wenye mvua. Mwagilia kati ya saa tatu na saa tano asubuhi pekee, ili uso wa udongo ukauke kabla ya jioni. Saa kumi na moja jioni pandisha mapazia, lakini acha mwanya wa sentimita 20 hadi 30 juu ya kila ukuta, na mwanya wa paa ubaki wazi. Usiku wa baridi kali pekee ndio unaoruhusu kufunga kuta zote, na hata hapo paa lisifungwe.

Kipima unyevu kilichotundikwa kwenye kimo cha vishada kisomeke asilimia 60 hadi 80 mchana. Kikizidi 85 hadi adhuhuri kwa siku mbili mfululizo, punguza maji na uondoe majani ya chini.

Wapo wanaoingiza jiko la mkaa usiku. Jambo hili liachwe kabisa: moshi wake hutoa gesi ya sumu inayoweza kumuua mtu ndani ya nyumba iliyofungwa, na gesi nyingine ya ethilini huangusha maua ambayo mkulima alitaka kuyaokoa.

Hatua ya saba: kamba, machipukizi na maua

Funga kila mche kwa kamba inayoning'inia kutoka kwenye waya wa juu, uache shina moja, na uvunje machipukizi ya kwapani kila wiki yakiwa hayajazidi sentimita 5. Fanya kazi hii majani yakiwa yamekauka, kuanzia saa nne hivi, ili vidonda vipate saa za kutosha kukauka kabla ya usiku, kwa maana ukungu wa kijivu huingilia kwenye vidonda vibichi. Majani yaliyo chini ya kishada kinachoiva yaondolewe mawili au matatu kwa wakati mmoja, usiyafyeke yote kwa pamoja. Mvutaji wa sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kuingia, kwani virusi vya batobato husafiri na tumbaku.

Ua la nyanya hujichavusha lenyewe, lakini chavua haidondoki bila mtikisiko, na ndani ya nyumba upepo ni mdogo. Gonga waya wa juu kwa fimbo kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana, kila baada ya siku mbili, wakati unyevu umeshuka na chavua ni kavu. Kugonga waya saa moja asubuhi, kukiwa na unyevu wa asilimia 95, ni kujichosha bure, kwa kuwa chavua huwa imegandamana. Matunda yenye makovu na mikunjo chini ni matokeo ya maua yaliyopitia usiku wa baridi. Yatoe yangali madogo, ubakize 4 au 5 kwa kila kishada.

Hatua ya nane: maji na mbolea kwa kiasi cha mawingu

Mche mkubwa hunywa lita 1.5 hadi 2 siku ya jua, na siku ya mawingu mazito lita 1 humtosha, wakati mwingine hata pungufu. Chukua udongo kwenye kina cha kidole na uufinye: ukishikana bila kutoa maji, ahirisha umwagiliaji. Mbolea ifuate maji, takriban gramu 1 kwa kila lita, ikiwa na naitrojeni kidogo na potasiamu nyingi kuanzia kishada cha kwanza kinaposhika. Naitrojeni nyingi katika mwanga mdogo hutoa majani mapana, laini, yanayopendwa na fangasi. Nitrati ya kalsiamu isichanganywe kwenye tangi moja na mbolea zenye salfeti au fosfeti, kwa sababu huganda na kuziba matone. Kuoza kitako, ambako wengi hukutibu kwa kunyunyizia kalsiamu, mara nyingi hutokana na kumwagilia kwa vipindi visivyolingana, leo mafuriko na kesho ukame.

Hatua ya tisa: magonjwa na wadudu

Bakajani chelewa huanza na mabaka ya kijani iliyokolea yanayoonekana kama yameloweshwa na maji, na asubuhi ukigeuza jani utaona utando mweupe kwenye ukingo wa baka. Toa majani hayo ndani ya mfuko, uyafukie mbali na nyumba, na usiyakokote katikati ya mistari. Kiuakuvu cha kinga chenye mankozebu au shaba kipulizwe kabla ya dalili, hasa wiki zenye mvua za manyunyu, na chenye metalaksili kibadilishane na vingine ili fangasi wasizoee. Pulizia asubuhi, si jioni, ili dawa yenyewe isiwe chanzo cha majani kulala yameloa. Tumia viuatilifu vilivyosajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, ambayo makao yake yako hapa Arusha, na uzingatie siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye lebo.

Kantangaze, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda ya nyanya na ambaye aliingia Tanzania mwaka 2014, hupunguziwa kasi na ubaridi: kizazi chake huhitaji takriban siku 76 katika nyuzi 14, lakini siku 24 tu joto likifikia nyuzi 27. Kwa hiyo mtego wa harufu unaonasa wadudu wachache Julai usikulaze usingizi, kwani mchana wa Septemba utawazidisha haraka. Ziba matundu ya wavu na uweke milango miwili inayofuatana.

Hatua ya kumi: kuvuna na kuhifadhi

Vuna umande ukishakauka, tunda likiwa limeanza kugeuka rangi kitakoni, na uliache na kikonyo chake ikiwa linakwenda mbali. Kwa soko la karibu kama Kilombero, Tengeru au Mbuyuni ya Moshi, liache lipate wekundu wa nusu. Tumia kreti za plastiki zisizojazwa kupita kiasi, kwa sababu tenga refu la mbao huponda nyanya za chini. Nyanya zilizochelewa kugeuka rangi kwa sababu ya ubaridi ziingizwe kwenye chumba chenye nyuzi 18 hadi 21, zikitandazwa safu moja au mbili, na zitaiva vizuri zaidi kuliko zikibaki kwenye mche. Kwenye friji zisiwekwe, kwani chini ya nyuzi 10 nyanya ambayo haijaiva hupoteza uwezo wa kuwa nyekundu na huanza kuoza kwa mabaka.